Kisu na mrija: Moyo wa mtoto hausubiri mabishano

Kwa muda sasa, kwenye mabaraza ya mitaani na hata kwenye baadhi ya ofisi za Serikali, pamezuka mabishano ambayo hatuoni busara kuyaachia yaendelee bila ya kutiwa mwangaza. Mabishano yenyewe ni juu ya tiba ya watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo. Wako wanaosema kwamba upasuaji wa kufungua kifua umepitwa na wakati, na kwamba siku hizi kila tundu la moyo huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, mtoto akalala usiku mmoja na kesho yake akarejea nyumbani. Wako na wengine wanaoshikilia kwamba hiyo ya mrija ni tiba ya kupoza tu, na kwamba tiba ya kweli ni kisu. Makundi yote mawili yanazungumza kwa nia njema, na yote mawili yamekosea. Kosa lao likiachiwa likaingia majumbani mwa wazazi na kwenye meza za wapangaji wa bajeti, litagharimu roho za watoto.

Hatusemi hayo kwa kutia chumvi. Tunamjua mzazi mmoja wa Pemba, ambaye jina lake tunalihifadhi. Binti yake alipotimu miezi saba alikuwa hanenepi. Akinyonya hutoka jasho kipajini, na hukatiza kila mara ili avute pumzi. Alipimwa, akaonekana ana tundu kubwa kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam akafunguliwe kifua. Mama yule akakataa, si kwa ujinga wala kwa ukaidi, bali kwa sababu mtoto wa jirani yake alikuwa ametibiwa "tundu la moyo" kwa mrija na hakubakiwa na kovu. Akaazimia kumsubiria na wake mrija. Alisubiri zaidi ya miaka miwili. Aliporudi, shinikizo la damu kwenye mapafu ya binti yule lilikuwa limepanda kiasi ambacho madaktari hawakuthubutu tena kuliziba tundu, si kwa kisu wala kwa mrija.

Mtoto wa jirani hakuwa na tundu la namna ile. Yeye alikuwa na mshipa uliokataa kujifunga baada ya kuzaliwa. Maradhi mawili mbali mbali yaliitwa kwa jina moja, na hakutokea mtu wa kukaa na mama yule nusu saa, akamfafanulia tofauti kwa lugha anayoifahamu. Leo tunaandika kwa ajili ya mama yule na wengine walio katika hali kama yake, na pia kwa ajili ya viongozi wenye dhamana ya fedha za umma.

Kwanza tuufahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Duniani kote, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, wapatao 8 au 9 huzaliwa na kasoro ya moyo. Kwa hesabu hiyo, wilaya yenye vizazi 5,000 kwa mwaka hupata watoto 40 au zaidi. Si wote wanaohitaji kutibiwa, kwani matundu mengi madogo hujiziba yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Lakini wako ambao wasipotibiwa mapema hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na wako ambao huishi wakidhoofika, wakikosa skuli, wakiambiwa wana pumu au kichomi kisichopona.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto huisambaza damu hiyo mwilini. Kasoro huweza kuwa tundu katika ukuta wa vyumba vya juu, au wa vyumba vya chini. Huweza kuwa mlango uliobana. Huweza kuwa mshipa mkuu uliosinyaa. Na huweza kuwa ujenzi mzima uliokwenda kombo, hata mishipa mikubwa ikabadilishana mahali. Hapa ndipo msingi wa maneno yetu ulipo: mwenye kuuliza "kisu au mrija?" kabla ya kuuliza "kasoro gani?" ameanza hesabu yake kwenye mstari wa mwisho.

Kisu ndicho kilichotangulia. Mwaka 1938, mjini Boston, daktari kijana Robert Gross aliufunga kwa mafanikio mshipa uliobaki wazi karibu na moyo wa mtoto wa miaka saba, wakati mkuu wake wa kazi akiwa safarini. Mwaka 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Alfred Blalock na Helen Taussig walifungua njia ya kuwasaidia watoto wenye midomo ya buluu kwa kuunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu. Nyuma ya Blalock siku ile alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Yeye ndiye aliyeifanyia kazi njia ile katika maabara mpaka ikawezekana, na ndiye aliyekuwa akimuelekeza daktari mkubwa wapi pa kushona. Tunalitaja hilo kwa makusudi, ili vijana wetu wa skuli wafahamu kwamba elimu ya moyo haikujengwa na wakubwa peke yao.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba moyo haukubali kushonwa huku ukipiga, na ukisimamishwa mtu hufa. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia aliitumia kwa mafanikio mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu, akaziba tundu la vyumba vya juu la msichana wa miaka 18. Mwaka uliofuata, huko Minnesota, Walton Lillehei alimuunganisha mtoto na mtu mzima, mara nyingi mzazi wake, ili moyo wa mkubwa uwasukumie damu wote wawili wakati mdogo akishonwa. Tangu hapo mashine zimeboreshwa mno, na leo daktari wa upasuaji huweza kuusimamisha moyo, akaufungua, akashona kiraka, kisha akauamsha ukapiga upya.

Mrija nao una historia yake. Mwaka 1929 daktari wa Kijerumani, Werner Forssmann, aliuingiza mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka ukafika moyoni, kisha akaenda kwa miguu kwenye chumba cha eksirei apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa zake hawakumfurahia, lakini mwaka 1956 alishirikishwa katika Tuzo ya Nobel. Mwaka 1966 William Rashkind alitumia mrija wenye kibofu kidogo mwishoni kuwapasulia njia ya damu watoto wachanga ambao mishipa yao mikubwa ilibadilishana mahali. Mwaka 1967, Berlin ya Mashariki, Werner Porstmann aliuziba kwa mrija mshipa uliobaki wazi. Mwaka 1976 King na Mills wa New Orleans walitoa taarifa ya kuziba tundu la vyumba vya juu bila kufungua kifua, na mwaka 1982 Jean Kan na wenzake wa Johns Hopkins wakautanua kwa kibofu mlango wa mapafu uliobana. Katika miaka ya 1990 Kurt Amplatz alitengeneza kizibo cha nyaya za nikeli na titani, ambacho hukunjwa ndani ya mrija na kikifika mahali pake hujikunjua chenyewe kama visahani viwili vilivyoshikana. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2001.

Baada ya historia, tuje kwenye ulinganisho. Mwaka 2002 ilichapishwa Marekani taarifa ya utafiti uliowalinganisha watu 442 waliozibwa tundu la vyumba vya juu kwa kizibo cha Amplatz, na wengine 154 waliozibwa kwa upasuaji. Katika makundi yote mawili hakufa hata mmoja, na karibu wote matundu yao yalizibika. Lakini waliopata matatizo ya tiba walikuwa asilimia 7.2 upande wa mrija na asilimia 24 upande wa kisu. Na muda wa kulala hospitali ulikuwa wastani wa siku 1 kwa mrija na siku 3.4 kwa kisu. Ushindi huo wa mrija ni wa kweli, na mwenye kuubeza hatendi haki.

Hata hivyo, mwenye kuusoma vizuri utafiti ule ataona mambo mawili. Kwanza, watu wale hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo makundi hayakulingana kwa kila kitu. Pili, wote walikuwa na aina moja tu ya kasoro, yaani tundu lililo katikati ya ukuta wa vyumba vya juu. Kizibo kinahitaji ukingo wa kushikia, kama vile kifungo kinavyohitaji nguo pembezoni mwa tundu lake. Tundu likiwa pembeni, karibu na milango ya moyo au pale mishipa mikubwa inapoingilia, ukingo huo haupo au hautoshi, na kazi hurudi kwa mwenye kisu.

Kwa hiyo, kwa elimu iliyopo leo, tunaweza kuyapanga mambo hivi. Tundu la katikati ya ukuta wa juu lenye ukingo mzuri, mshipa uliokataa kujifunga, na mlango wa mapafu uliobana: hizo ni kazi ambazo mrija ndio unaotangulizwa. Hata watoto njiti wameanza kufikiwa, kwani mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kizibo kidogo cha mshipa huo kwa wachanga wenye uzito wa kuanzia gramu 700. Kwa upande wa pili, tundu kubwa la vyumba vya chini kwa mtoto mchanga, ambalo mara nyingi hukaa jirani na mlango wa mshipa mkuu na nyuzi zinazopeleka amri ya mapigo, kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya kisu. Mchanganyiko wa kasoro nne unaomfanya mtoto awe wa buluu, uitwao kwa jina la Fallot, hurekebishwa kwa kisu. Mishipa iliyobadilishana mahali hurudishwa kwa kisu. Mshipa mkuu uliosinyaa hukatwa na kuunganishwa kwa kisu kwa mchanga, na kwa mtoto mkubwa mara nyingi hutanuliwa kwa mrija.

Kila njia ina gharama zake mwilini. Kisu hukata mfupa wa kifua, ambao huchukua wiki kadhaa kuunga. Huhitaji damu ya akiba, chumba cha wagonjwa mahututi na wauguzi waliofundishwa kukesha. Mrija hauna hayo yote, lakini hutumia mionzi, huweza kuudhuru mshipa wa paja, na kizibo huweza kuchomoka kikaelea kwenye damu, au, kwa nadra sana, kikausugua ukuta wa moyo mpaka ukatoboka. Jambo hilo likitokea, wa kumuokoa mgonjwa ni daktari wa upasuaji. Ndiyo maana tunasema kisu na mrija havishindani, bali ni mikono miwili ya mtu mmoja. Mfano bora ni mtoto ambaye mishipa yake imebadilishana: mrija wa Rashkind humuweka hai siku za mwanzo, na kisu ndicho kinachomponya baadaye.

Hatari kubwa kuliko zote mbili ni kuchelewa. Tundu kubwa likiachwa, damu nyingi hukimbilia mapafuni kwa nguvu isiyo ya kawaida, mpaka mishipa ya mapafu ikakakamaa. Hali ya mwisho ya njia hiyo ilielezwa na Victor Eisenmenger wa Vienna tangu mwaka 1897. Hapo tundu huwa ndilo tundu la kupumulia la moyo wenyewe, na kuliziba ni kumuua mgonjwa. Kwa mwenye tundu kubwa la vyumba vya chini, mlango huo huanza kufungwa katika mwaka wa kwanza na wa pili wa maisha. Binti tuliyemtaja alikuwa ndani ya muda alipopimwa, na alikuwa nje ya muda aliporudi.

Sasa tuje kwetu Visiwani. Tangu Mapinduzi ya 1964, siasa yetu imekuwa kwamba afya ni haki ya mkulima na mvuvi kama ilivyo ya mkubwa wa ofisi. Kwa miaka mingi watoto wetu wenye kasoro za moyo walilazimika kupelekwa mbali, India na kwengineko, na wengi kutoka Unguja na Pemba walitibiwa Israel kwa msaada wa taasisi ya Save a Child's Heart. Misaada hiyo imeokoa watoto na hatuidharau. Lakini taifa haliwezi kuiweka roho ya mtoto wake katika hisani ya mwenziwe daima. Kwa hiyo tulifarijika pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na pale ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, ambapo kisu na mrija vinafanya kazi chini ya paa moja. Dar es Salaam ni karibu. Swali ni nani anayefika huko, na anafika lini.

Ziko rai kwamba pakipatikana fedha, kwanza unuliwe mtambo mkubwa wa mrija uwekwe mjini, uzinduliwe, na wananchi waone maendeleo. Sisi hatuupingi mtambo. Tunachopinga ni kuutanguliza mtambo mbele ya watu. Mtambo wa mrija bila ya daktari aliyebobea katika moyo wa mtoto, bila ya mtaalamu wa usingizi, bila ya daktari wa upasuaji wa kukimbiliwa mambo yakiharibika, na bila ya fungu la kila mwaka la vizibo ambavyo huagizwa nje na hutumika mara moja tu kwa mtoto mmoja, utakuwa jokofu lisilo na umeme. Viongozi wetu wanajua ni mashine ngapi zimepokewa kwa ngoma na baadaye zikafunikwa shuka.

Tunashauri mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kila mtoto mchanga, kabla ya kuondoka kituoni alikozaliwa, asikilizwe moyo na apimwe oksijeni kwa kifaa kidogo kinachobanwa mguuni. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na mkunga aliyefundishwa anaweza kukitumia. La pili, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho hakichani wala hakina mionzi, kipatikane kwa mtoto wa Micheweni kama kinavyopatikana kwa mtoto wa mjini, pamoja na mtu wa kukisoma. La tatu, iwepo daftari moja la watoto wa moyo wa Unguja na Pemba, lenye tarehe ambayo kila mtoto anapaswa kuwa ametibiwa, na awepo mtumishi mwenye dhamana ya kuwafuatilia kupitia kwa masheha. Mzazi asiyeonekana atafutwe, asisubiriwe. La nne, mzazi anayekwenda Dar es Salaam asaidiwe nauli ya boti na mahali pa kulala. Mama aliyeacha watoto wanne nyumbani Wete hashindwi na kisu wala na mrija. Hushindwa na mkate wa wiki tatu ugenini.

Juu ya hayo ipo kinga. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya mimba huweza kuuharibu moyo wa mtoto, na chanjo yake imekuwa ikitolewa nchini pamoja na ya surua tangu mwaka 2014. Wazazi wasiwanyime watoto wao chanjo hiyo. Mama mwenye kisukari naye aitunze sukari yake kabla na wakati wa mimba, kwani sukari iliyopanda huongeza hatari.

Tunawaomba pia masheikh na walimu wa vyuo vya Kurani watusaidie. Mtoto anapogeuka buluu akilia, wengi wetu hudhani zongo au hasadi, na miezi hupita kwenye kombe. Hatumzuii mtu dua, nasi tulilelewa humo humo. Lakini dini yetu haikutufundisha kuomba huku tumekunja mikono, na hakuna sheikh mwenye elimu anayesema kutafuta tabibu ni upungufu wa imani. Mtoto asomewe, na siku hiyo hiyo apelekwe akapimwe.

Kwa madaktari wetu, ambao kazi yao ngumu tunaiheshimu, tuna ombi moja. Mnapomwambia mzazi habari ya moyo wa mwanawe, msimpe jina la maradhi peke yake. Mchoreeni. Mwambieni tundu liko wapi, kwa nini linafaa njia hii na si ile, na ni tarehe gani ambayo haifai kupita. Mzazi aliyeelewa hawezi kupotoshwa na baraza la mtaani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili maneno yao ni mazito zaidi, kwa sababu ukuta wa moyo ukishaharibu mapafu hakuna fundi wa kuujenga. Bajeti itakapopangwa, tunataraji kuuona mguu wa mtoto mchanga ukitajwa kabla ya mtambo. Na mzazi ambaye leo anaambiwa mwanawe anahitaji kisu, naye anataka kusubiri mrija, aulize swali moja tu kabla ya kutoka kwa daktari: je, mwanangu anao muda wa kusubiri? Akijibiwa hapana, basi boti ya kesho asubuhi isimuache.